Picha ya Jenerali

Siku hoteli moja kuukuu ya Diani ilipouza vyombo vyake, nusu ya Ukunda ilijazana ukumbini mwake. Watu walijitwika magodoro, wakagombania viti, na sauti ya dalali ikakauka kwa kunadi. Katikati ya zogo hilo Warda, fundi wa fremu mwenye duka kando ya barabara ya Diani, alipita na buibui lake jeusi na mtandio wa rangi ya zambarau, amekumbatia picha iliyomziba uso. Hakuona mbele. Akamvaa mwanamume mmoja aliyekuwa akikagua vitanda vya chuma.

"Samahani, kaka."

"Nimsamehe nani? Wewe, au huyu Mzungu uliyembeba?"

Warda alicheka. Mwanamume alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, macho ya upole. Lakini alipoitazama ile picha, tabasamu lilitoweka.

Ilikuwa picha ya zamani, iliyochapwa kwa bamba la shaba lililochorwa mistari myembamba kama nywele. Jenerali ameanguka vitani, kichwa kimelazwa kwenye mkono wa mwenzake. Maofisa wamemzunguka, bendera zimeinama, na moshi umetanda nyuma yao.

"Fremu ni ya mbao nzuri," alisema. "Picha yenyewe itupe, dada."

"Niitupe? Fremu naweza kuchonga mwenyewe. Nilichokipenda ni picha."

Hata hivyo alimbebea mpaka dukani. Jina lake Iddi, tabibu wa zahanati moja ya hapo Diani. Kabla ya kuaga aliomba namba ya simu, na Warda, ambaye hakuwa na desturi hiyo, akampa.

Wakapendana. Kila adhuhuri simu ya Warda iliita.

"Umekula, laazizi?"

"Bado. Nakula vumbi la mbao."

"Nikuletee samaki wa kupaka?"

"Uje wewe. Samaki hajui kuzungumza."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Iddi hakupenda kuzungumzia maisha yake ya nyuma. Alisema tu kwamba aliwahi kufanya kazi ya serikali kule kaskazini. Warda naye hakumwambia habari za Feisal, kaka yake. Kwao Msambweni jina hilo lilikuwa halitajwi. Lilipotajwa, mama yake aliinuka akaenda uani.

Alasiri moja Iddi alifika na mahamri ya moto, akaikuta picha imesafishwa kioo na kutundikwa katikati ya ukuta, Warda amesimama akiitazama.

"Mbona unaitazama hivyo?"

"Naipenda. Tazama walivyomshika. Tazama uso wake ulivyotulia."

"Ni uongo mtupu huo." Sauti yake ilikuwa kali, Warda hakuwahi kuisikia hivyo. "Watu hawafi hivyo vitani. Hakuna anayetulia. Aliyechora hii hakuwepo."

Warda alinyosha kidole mlangoni.

"Toka."

"Warda, mpenzi wangu..."

"Toka dukani kwangu, Iddi."

Siku tisa hakupokea simu yake. Siku ya kumi Rispah, mshonaji wa duka la pili, alimjia na futi yake shingoni. "Nimekutana na Iddi, nimemwambia habari za Feisal. Kama nimekosa, nigombeze."

Feisal alikuwa mwanajeshi. Miaka minne iliyopita maofisa wawili walikuja Msambweni na barua: ameuawa mpakani, amekufa kishujaa, wenzake wakiwa naye. Jeneza halikufunguliwa. Tangu siku ile ya mnada, Warda alikuwa akiutazama uso wa jenerali na kumwona kaka yake.

Siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri Iddi alisimama mlangoni, kanzu bado mwilini.

"Niingie?"

"Ingia."

"Miaka sita nilikuwa tabibu wa jeshi, Warda. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kusahau. Feisal sikumjua, hatukuwa kambi moja. Nikikuambia najua alivyokufa, nitakuwa mwongo kumshinda huyo mchoraji."

Warda alikaa kitako juu ya kigoda. "Hao uliokuwa nao wewe, walikufaje?"

Iddi aliisogelea picha. Pembeni, nyuma ya maofisa, mtu mmoja alikuwa amepiga magoti na kitambaa mkononi. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Mimi nilikuwa huyu. Mmoja alinitukana mpaka pumzi ikamwisha. Mmoja aliomba uji. Kijana mmoja, Kalama, alidhani mimi ni ndugu yake, akawa ananiita kwa jina la ndugu yake."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwitikia. Nilisema, naam ndugu yangu, nipo. Mpaka mwisho." Akamgeukia. "Hawakutulia, Warda. Lakini hao walioangukia mikononi mwangu hawakuwa peke yao."

Warda alilia. Miaka minne alikuwa hajalia. Iddi hakumgusa, wala hakuondoka.

"Nipeleke kwa mama yako," alisema baadaye. "Nimweleze haya. Akiniacha nikae, nitamposa binti yake."

"Hata mimi mwenyewe hujaniuliza."

"Nakuuliza. Utakubali niwe mumeo?"

"Jibu langu utalipata kwa mama."

Jumapili mama alikuwa barazani akipepeta mchele, leso mbili mwilini. Iddi akatoa shikamoo, akaketi mkekani, akasema yote. Alipolitaja jina la Feisal, mama hakuinuka. Ungo ulitulia mapajani mwake.

"Huyo Kalama," aliuliza, "mama yake anajua kwamba uliitikia?"

"Hajui, mama. Sikuwahi kwenda. Naogopa."

"Anakaa wapi?"

"Kikoneni."

"Basi nenda kwanza Kikoneni. Posa yako sitaipokea na mwanamke mwenzangu amekaa gizani."

Warda alisimama. "Nitakwenda naye, mama."

Mama aliuweka ungo chini, akakaza leso. "Tutakwenda sote."

Walimkuta Dama, mama yake Kalama, shambani kwake, jembe mkononi. Iddi alishindwa kusema. Warda akamshika mkono mbele ya mama yake, na mama akaona, akawaacha. Ndipo Iddi akaanza.

Dama alisikiliza hadi mwisho. "Alimwita Mwinga, nduguye?"

"Alimwita Mwinga."

"Nawe ukasemaje?"

"Naam, ndugu yangu, nipo."

"Sema tena."

Alisema tena. Akasema mara ya tatu. Dama aliketi juu ya udongo aliokuwa akiulima, na mama yake Warda akaketi kando yake. Wanawake hao wawili, ambao asubuhi ile hawakuwa wakijuana, wakalia pamoja jua likiwa kichwani.

Wakarudi, wakakaribia Msambweni. Hapo mama akamwambia Iddi:

"Ijumaa walete wazee wako."

Iddi alimgeukia Warda. Macho yake bado yalikuwa mekundu.

"Walete," Warda alisema. "Mimi nimekubali."