Jeneza la Rocco Santarsiero

"Kunguru, jeneza linaondoka saa ngapi?"

"Misa ikiisha."

"Una uhakika na kilichomo?"

"Sina."

"Basi usiliguse."

Redio ikanyamaza.

Oriana Petrilli, Kunguru wa redioni, mpelelezi wa siri aliyewinda wezi wa mali za kale, alikaa benchi la nyuma katika kanisa la San Vito. Bastola yake, Beretta, ilikuwa kwapani, chini ya koti. Kusema kweli, hakuhisi kitu. Siku hizi hakuhisi kitu popote.

Kijiji cha Pietravulta kilikuwa kimebaki na wazee, paka na makanisa manne. Alhamisi lililetwa jeneza la Rocco Santarsiero, aliyekwenda Ubelgiji kuchimba makaa akiwa kijana na hakurudi tena. Likalala kanisani. Ijumaa asubuhi, Madonna, sanamu ya mti ya Bikira Maria yenye umri wa miaka mia tisa na kimo cha mtoto, hakuwepo mahali pake.

Polisi walifunga barabara. Walipekua kila nyumba, kila buti la gari, hata mapipa ya divai.

Jeneza halikupekuliwa. Nani angethubutu? Ndani lilikuwa na bati la zinki, na kamera ya miale ya Oriana haikuweza kulipenya. Juu yake alikuwa amelala Bi Assunta, dada wa Rocco, akilia tangu siku lilipofika. Pembeni alisimama mjane, Mirella, aliyetaka mumewe, akishaombewa kijijini kwake, akazikwe pwani.

Pwani kuna bandari. Meli ikishang'oa nanga, Madonna ndiyo basi tena.

Na kama Rocco alikuwamo kweli? Oriana angekuwa amemvua maiti sanda mbele ya dada yake.

Mbele yake vikongwe wawili walikuwa wakinong'onezana.

"Nilimpelekea mjane supu asubuhi. Nikamkuta anakaanga pilipili."

"Acha uongo, Lucia."

"Maiti iko kanisani, jiko linawaka! Harufu mpaka kwa fundi viatu."

"Labda Ubelgiji ndivyo wanavyofanya."

"Ubelgiji ya wapi? Si anasema kazaliwa bonde la pili hapo? Mama yake alimfundisha nini?"

Oriana aliinua kichwa.

Yeye mwenyewe alikulia milima hii. Nyumba yenye msiba haiwashi moto mpaka maiti azikwe. Majirani ndio wanaopika. Baba yake alipofariki, Oriana alikula dengu za majirani na hakusikia hata chumvi. Binti wa huku angeweza kuiba, kuua, hata kumkimbia mume. Kuwasha jiko, hapana.

Akasimama.

"Padri Gerardo, simamisha misa."

Dereva wa gari la maiti, aliyesimama karibu na jeneza, alipeleka mkono ndani ya koti.

Beretta ilitangulia.

Risasi moja, begani. Bastola ya dereva, Glock mpya kabisa, iliserereka chini ya mabenchi. Mirella alikimbilia mlangoni akakuta polisi wawili.

Bi Assunta alilikumbatia jeneza.

"Ukifungua ukamkuta kaka yangu, nitakulaani mpaka nife."

"Sawa, Bi Assunta. Sogea kidogo."

Alifungua skrubu kwa bisibisi ya mfukoni. Bati la zinki halikuwa limechomelewa. Liliinuka kama kifuniko cha sufuria.

Ndani, akiwa amefungwa blanketi la hoteli, alilala Madonna.

Oriana alimtoa nje, watu wakapiga magoti. Bi Assunta hakupiga.

"Rocco yuko wapi?"

Oriana alimgeukia Mirella, aliyekuwa tayari amefungwa pingu. "Mjibu."

"Yuko hai," Mirella alisema. "Yuko nyumba ya wazee, Charleroi, hukohuko Ubelgiji. Pasipoti tuliyotumia ni yake. Alitupatia mwenyewe."

"Alijua mtaniambia amekufa?" Bi Assunta aliuliza.

"Alijua."

"Hakusema kitu?"

"Aliuliza tu kama kuna mtu huku bado anamkumbuka. Tukamwambia hakuna. Akasaini hati."

Bi Assunta alikuwa amemtandikia Rocco kitanda miaka yote hiyo, akibadilisha shuka kila Pasaka. Iliuma kumtazama, na Oriana alijua inauma, kama mtu anayetazama kidole kilichokufa ganzi kikikatwa.

Bi Assunta alifuta pua kwa leso yake. Akarudi kusimama mbele ya jeneza tupu.

"Padri, misa haijaisha."

"Assunta, mwili haupo."

"Nimeshamlilia. Malizia."

Padri alisita. Kisha akachukua maji ya baraka, akalinyunyizia sanduku lisilo na mtu. Wazee waliacha kumtazama Madonna, wakaja kusimama nyuma ya Assunta mmoja mmoja.

Oriana alirudisha Beretta kwapani, akatoka kwenye jua kali.

"Kunguru, ripoti."

"Madonna yuko salama. Wawili wamekamatwa."

"Kuna kifo?"

"Kimoja."

"Nani?"

"Rocco Santarsiero."

Akazima redio, akaingia kwenye Fiat yake na kushuka mlima taratibu.