Chumba Kilichokosa Hamu ya Kula

Mwili ulikuwa kitandani, umejikunja kama wa mtoto aliyelala kwenye baridi. Mkaguzi wa polisi aliinamia mkono wa marehemu. Ulikuwa mwembamba mno; saa ilikuwa imeteleza hadi karibu na kiwiko.

"Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza," alisema mlezi wa bweni. "Alikuwa hali chakula, afande. Mwanzoni wengi huwa hivyo. Ugeni, kuwakumbuka wazazi."

"Na wenzake wa chumba hiki?"

Mlezi akawaonyesha kwa kidole. "Nao wamekonda."

Wasichana wawili walikuwa wameegemea ukuta, macho yamewaingia ndani.

"Mlianza lini kukosa hamu ya kula?"

"Chuo kilipofunguliwa tu," mmoja alijibu. "Chakula tukikiona tunakinai. Moyo unaenda mbio, usingizi hakuna."

"Mnakula nini pamoja? Mnakunywa nini?"

Wakatazamana.

"Chai tu. Dada yake marehemu anakaa bweni la jirani, alikuwa akimletea kila jioni. Marehemu hakuwa mchoyo. Alitugawia."

Chupa ya chai ilikuwa dirishani, imebaki nusu. Mkaguzi akaipeleka maabara. Majibu yakalingana na ya uchunguzi wa maiti: dawa ya kuua hamu ya kula, nyingi kiasi cha kuusimamisha moyo uliokwisha dhoofika.

Dada mtu aliletwa kituoni akilia kwa sauti. Mashavu yake yalikuwa yamejaa.

"Wewe na mdogo wako mlikuwa mwaka mmoja?"

"Ndiyo. Mimi narudia mwaka."

"Chai alikuwa anapika nani?"

"Mimi. Ni mdogo wangu, nani mwingine angemtunza?"

Askari alileta chai ya kituoni, ndani ya chupa inayofanana kabisa na ile ya bwenini. Mkaguzi akamimina kikombe, akakisogeza mbele yake.

"Kunywa. Umelia sana."

Hakukigusa.

"Kunywa, binti."

"Sina kiu."

"Mdogo wako naye huenda hakuwa na kiu. Alikunywa kwa sababu ulimletea wewe."

Kilio kikakatika ghafla. Mvuke wa chai ulikuwa ukipanda kati yao.

"Sikutaka afe," alinong'ona. "Dawa hizo niliwahi kuzitumia mwenyewe ili nipungue. Nilijua zinavyomvuruga mtu. Halali, hasomi."

"Ulimwona anakwisha."

"Nilimwona."

"Ukaendelea kumpikia."

"Nilipofeli, nyumbani wakaniita mzembe. Yeye angefaulu, ningebaki na jina hilo maisha yangu yote." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilitaka ashindwe mara moja tu. Arudi nyumbani, mama aseme chuo ni kigumu. Aseme si mimi peke yangu."

Mkaguzi akakisogeza kikombe kando. Nje, mama yao alikuwa amefika. Sauti yake ilipenya mlangoni, ikimbembeleza askari wa zamu.

"Naomba nimwone binti yangu mkubwa, baba. Ndiye niliyebaki naye."