Radhi ya Soko la Chwele

Mwenye kumvunjia mwenzake heshima mbele ya watu, sharti amtake radhi mbele ya watu hao hao. Kanuni hiyo haikuandikwa popote katika soko la Chwele, wala hapakuwa na mchuuzi asiyeijua. Na ndiyo iliyomkutanisha Sabiha na Salman.

Siku hiyo pikapu ya Salman, iliyosheheni vitunguu kutoka Cheptais, ilipita dimbwini ikazirushia tope leso alizokuwa akiuza Sabiha. Salman akachungulia dirishani huku akicheka.

"Pole, madam. Si mvua ndiyo mbaya!"

"Kwani mvua ndiyo inashika usukani? Shuka, bana! Umenichafulia mali mbele ya hawa akina mama, utaniomba msamaha mbele yao."

Akashuka: kijana mrefu, shati la samawati limenyooshwa kwa pasi, kofia imelalia sikio. Akaomba radhi kwa sauti ya muadhini, hata wauza omena wakashika mbavu. Juma lililofuata alirudi na leso mpya, nyekundu. Kabla ya mwaka kwisha, posa yake ilikuwa imekubaliwa na Mzee Ubaid, mjomba aliyemlea Sabiha, nyumbani Bungoma.

Kisha zikaja Jumatano. Kila Jumatano alasiri, simu ya Salman ilizimwa.

"Ulikuwa wapi, habibi?"

"Kitale."

"Kufanya nini?"

"Mpenzi, hiyo niachie."

Jibu halikubadilika. Laiti lingekuwa uongo, Sabiha angelistahimili, maana uongo una mkia wa kushikwa. Kimya hakina mkia.

Hatimaye binamu yake Nasro, mwuza mitumba wa Kitale, alimpigia. "Sabiha, nimemwona mtu wako akiingia kanisani. Si mara moja! Kuna mama humpokea mlangoni na chai. Ati wanasema amebatizwa."

Siku ya soko, Sabiha hakungoja hata pikapu isimame.

"Uliponiposa ulikuwa Mwislamu! Kumbe Jumatano zako ni za kanisani! Umeritadi, Salman! Rudi kwa hao waliokubatiza!"

Leso nyekundu ikaruka ikaangukia vitunguu. Salman akatia gia, akaondoka. Jioni Mzee Ubaid akatamka: "Nikilithibitisha neno hili, posa yake nairudisha."

Jumatano Sabiha alimtangulia Kitale. Nyuma ya kanisa palikuwa na chumba kidogo, na mlangoni mama wa makamo, mkulima wa viazi aitwaye Nyaruai, ameshika birika.

"Karibu, mwanangu. Wewe pia imekushinda, pombe?"

"Astaghfirullah! Pombe? Mimi?"

"Basi keti hapo nje. Ya ndani ni ya walio ndani."

Akaketi kwenye ngazi. Akakumbuka zile peremende zisizokauka kinywani mwa Salman. Ile malaria iliyomshika siku ya Idi, akapona kesho yake. Pombe haichagui dini wala kabila. Jinsi alivyokuwa kipofu!

Salman akafika, akamwona, akashusha pumzi kama mtua mzigo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nianzie wapi, Sabiha? Nilienda hospitali, wakasema rudi Jumatatu. Jumatatu, ati anayehusika amehamishwa. Nikapewa namba ya simu, haishiki. Bungoma kuna kikundi cha wanaoacha pombe, kama hiki, lakini mlango wao unatazamana na duka la mjomba wako. Nikaja hapa nikakuta kufuli. Kumbe nilikosea siku. Nikaja tena, kufuli. Wamefiwa, wameenda mazishi."

"Ukafanya nini?"

"Mara ya kwanza nilikunywa. Ya pili, Mama Nyaruai alipita akanikuta kwenye ngazi hii, akaniambia nimbebee gunia la viazi mpaka nyumbani. Nikabeba. Nilitaka nikwambie nikishapona."

"Na utapona lini?"

"Humo ndani hakuna anayejua."

"Bado nina hasira na wewe," Sabiha akasema. "Kwa pombe, na kwa kunificha. Usifikiri machozi haya ni ya msamaha. Lakini nilikuita murtadi mbele ya soko. Hilo ni kosa langu."

"Liache. Watakuuliza Kitale nafuata nini."

"Acha waulize."

Siku ya soko ilipowadia, Sabiha alivaa dera la kijani, akasimama penye dimbwi lile lile. Mjomba wake alikuwa amekuja kusikiliza.

"Nilisema Salman ameritadi. Si kweli. Nilimvunjia heshima hapa, na hapa namtaka radhi."

"Sasa huko kanisani hufuata nini?" akauliza mwuza omena.

"Sisemi."

"Haya! Kumbe ni wivu!" Kicheko kikalipuka. "Mwanamke amekosana na Jumatano!"

Neno moja tu lingewanyamazisha. Alilimeza. Uso ulimwaka, machozi yakamlengalenga, naye akasimama mpaka wote wakachoka kucheka.

Salman akashuka garini. "Nimesikia, na nimesamehe," akasema kwa sauti ya muadhini, lakini safari hii ikamkatika katikati. Akamgeukia Mzee Ubaid. "Mjomba, tusogee kando. Kuna jambo ulipaswa kulijua kabla hujaniitikia posa."

Mzee akatangulia kuelekea nyuma ya pikapu. Salman alipompita Sabiha, alimwekea mkononi leso nyekundu. Ilinuka vitunguu. Sabiha akaifunga kichwani mbele ya soko zima, akarudi kuuza.