Uongo wa Goti

Ekseli ilikatika saa nne asubuhi. Gari likalalia ubavu kwenye mawe, juu kabisa ya ukingo wa bonde, na simu zote mbili hazikuwa na mtandao.

Dereva alitoka uvunguni akijipangusa grisi. Abiria wake alikuwa mmoja tu, binti mtaalamu wa viungo kutoka hospitali, ambaye wiki hiyo alitakiwa kuhudumia wajenzi wa barabara kwenye kambi yao ng'ambo ya bonde.

"Daktari, tuamue," alisema dereva. "Tukae hapa na dumu la maji tungoje gari lipite, labda kesho, labda keshokutwa. Au tushuke. Chini kuna mto, na kambi iko hapo ng'ambo tu. Ni mwendo wa saa tano kwa mtu mwenye miguu mizima. Wewe miguu yako vipi?"

"Mizima."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Kwa miezi saba goti lake la kushoto lilikuwa likimuuma kwa mbele, kuizunguka pia ya goti. Ngazi za wodini alizishuka akijifanya anasoma faili, apate kisingizio cha kusimama. Mtaalamu wa viungo anayechechemea, nani angempa mguu wake aushike?

"Basi dumu tuliache, zito," alisema dereva. "Chupa mbili zinatutosha mpaka mtoni."

Mteremko ulikuwa wa kokoto zinazoteleza na miiba ya kimo cha kiuno. Saa ya kwanza alivumilia. Ya pili, kila mguu ulipotua, kitu kama kisu butu kilisokota nyuma ya pia ya goti. Alianza kusimama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Kufikia saa nane mchana chupa zilikuwa tupu, mto ulikuwa uzi wa kijani mbali chini yao, naye alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshindwa kuinuka.

"Umeteguka?" aliuliza dereva.

"Hapana." Alitazama chini. "Linauma tangu zamani."

"Ulijua wakati nakuuliza?"

"Nilijua."

Dereva alilamba midomo iliyopasuka. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma binti.

"Ungesema, tungekuwa kivulini na lita ishirini. Mwaka jana nilikuja kwako na goti la namna hiyohiyo, kwa ajili ya kukanyaga klachi hizi. Ukatazama picha ya eksirei ukaniambia mfupa safi, nisijiendekeze."

Binti alijaribu kuikumbuka sura ile kwenye benchi la wagonjwa. Hakuikumbuka. Uso ulimwaka kuliko jua.

"Nisamehe, kaka."

"Msamaha tutaongea tukishakunywa. Limevunjika ndani?"

"Halijavunjika. Pia ya goti inateleza kwenye mfereji wa mfupa wa paja. Misuli ya paja na nyonga ikiwa dhaifu, inabanwa vibaya, hasa ukishuka. Maumivu ni ya kweli, ila hayana maana kwamba kitu kinakatika."

"Kumbe unajua. Sasa hiyo elimu ifanye kazi, isikae imevaa koti jeupe."

Binti akacheka kidogo, kwa uchungu. Dereva alikata matawi mawili makavu, akayachonga yawe fimbo. Wakaacha kushuka moja kwa moja, wakawa wanakata mteremko kwa mshazari, huku na huku, hatua fupifupi. Penye kishuko kirefu binti alitanguliza mguu mbovu, ule mzima ukabaki juu kubeba uzito.

"Niulize kila baada ya muda," alisema. "Nitakupa namba, sifuri mpaka kumi. Ikifika tano tunapumzika, tusingoje nane."

"Ngapi?"

"Nne."

"Usinidanganye tena."

"Tano."

Wakapumzika. Hivyo ndivyo walivyokwenda, polepole kiasi cha kutia hasira, mpaka dereva alipopepesuka na kukaa chini ghafla, macho yakielea. Hapo ndipo binti alipotambua kwamba maji ya mwisho aliyanywa yeye mwenyewe, dereva hakuonja. Alimfunika kichwa kwa koti lake, akamwacha kivulini, akateremka sehemu iliyobaki kwa makalio, mguu wa kushoto umenyooka mbele. Alijaza chupa mtoni. Kisha akapanda tena, akitamka namba kwa sauti ingawa hakuna aliyemuuliza.

Jua lilikuwa linagusa ukingo walipovuka mto, maji magotini, wakishikana mikono.

Msimamizi wa kambi aliwapa maji, akawatazama wanavyokunywa, kisha akamgeukia dereva.

"Dereva gani anaacha gari na dumu la maji? Ungeua mtu."

Dereva aliinamisha kichwa.

"Si yeye," alisema binti. "Aliniuliza kama miguu yangu mizima, nikamdanganya. Goti langu linauma miezi saba. Niliona aibu."

Wajenzi waliokuwa wakila waligeuka kumtazama. Mvunja kokoto mmoja, mwanamke mwenye mabega mapana, alitua sahani yake, akakunja suruali mpaka juu ya goti.

"Mimi linauma hapa mbele nikichuchumaa," alisema. "Wananiita mvivu."

"Wewe si mvivu. Nitakutazama," alisema binti. "Ila kuna aliyekutangulia, tena kwa mwaka mzima."

Akajivuta hadi mbele ya dereva, akakaa chini mguu umenyooka.

"Kaka, nieleze tangu mwanzo. Leo nasikiliza."