Kopo la Nyuma ya Kinu

Kachik.

Mlio wa mfuniko, gizani. Lile kopo langu la nyuzi na sindano. Naujua mlio wake kama ninavyokijua kikohozi cha mwanangu.

"Baba Kidoti, ni wewe?"

"Natafuta kifungo cha shati. Lala, mama."

Jamani… mtu anatafuta kifungo bila kuwasha taa, nami nikageukia ukutani nikauchapa usingizi. Mapenzi ni kipofu, mie nilikuwa na uziwi juu yake.

Kulipokucha ilikuwa Jumamosi. Mwalimu wetu wa darasa la jioni alisema ramani haisomwi kwa ubao tu, inasomwa kwa miguu. Akatupeleka kwenye kitongoji cha kale kando ya mto, nyumba za mawe zisizo na paa, tukacheze ule mchezo wa kutafuta hazina kwa simu.

Mtu anaficha kopo, anaweka alama kwenye ramani, wengine mnalisaka. Sheria ni moja: ukichukua kitu, acha kitu.

Mume alisema ana kazi, akatoka alfajiri. Nikambeba Kidoti wangu, miaka minne, mdomo hauna breki.

Wenzangu wakaelekea darajani. Mimi nikabaki nazungukazunguka na simu kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kidoti akaniachia mkono. Akapita nyuma ya kinu cha zamani cha kusagia nafaka, akatumbukiza mkono kwenye tundu la ukuta, akatoka na kopo.

Sikuamini.

"Umejuaje?"

"Ni kopo la Baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu. Ukienda shule tunakuja hapa na mama mdogo. Baba alisema ni siri."

Mama mdogo ni shoga yangu, tulikuwa chanda na pete. Tulianza darasa la jioni pamoja, akaacha. Eti kazi zinamchosha.

Nikafungua kopo…

Hereni yangu. Ya shaba, umbo la jani, niliyopewa na mama.

Ya pili yake ilipotea mwezi uliopita, na hii iliyobaki nikaificha kwenye kopo langu la nyuzi. Shoga yangu alipiga magoti nami tukaitafuta chini ya kitanda. Akanifuta machozi kwa khanga yake mwenyewe.

Majani yakachakarika nyuma yangu.

Nikageuka. Ni shoga yangu! Amejipara, ananukia. Sikio la kulia lina hereni ya shaba, umbo la jani. La kushoto tupu, linasubiri.

"Shoga… si unavyofikiria."

"Sijafika kwenye kufikiria. Bado nahesabu masikio."

Akafunika sikio kwa kiganja. Amechelewa.

"Alisema huzivai."

"Mama yangu alizivua masikioni mwake siku ya harusi yangu, akanivalisha. Ulikuwepo, ulishika mkoba wake."

Nikaliinua kopo.

"Na kopo mlilitoa wapi?"

"Tulilikuta humo ukutani. Tukadhani halina mwenyewe."

Nikamgeuzia simu aone. Ile alama inawaka palepale tuliposimama. Wasaliti wangu waliificha siri yao kwenye kopo ambalo kila mchezaji mwenye simu anaonyeshwa njia ya kulifikia. Angebaki darasani, angejua.

"Nipe."

Akaivua, akaniwekea mkononi. Hakuniangalia.

Nikazivaa zote mbili. Kisha nikavua pete ya ndoa. Iligoma kidogo kwenye kiungo cha kidole, nikailowesha kwa mate, ikatoka. Nikaitia kwenye kopo.

"Unafanya nini?"

"Nimechukua changu, nimeacha chake. Funga vizuri, mvua isiingie. Mwambie aje kuichukua, njia anaijua."

Wapendwa, kuchukuliwa mume kunauma, sitawadanganya. Usiku nalia, jioni nakwenda darasani na macho yamevimba, na mtihani nitafanya. Lakini siku ile kilichonikata maini ni kingine. Watu wazima wawili walimtwika siri yao mtoto ambaye hata kufunga viatu hajui. Ukitaka kuficha, ficha mwenyewe. Mgongo wa mtoto si stoo.

Nilimbeba Kidoti mgongoni kuelekea darajani. Akaigusa hereni kwa kidole, ikachezacheza.

Kisha akasema kwa sauti:

"Mama, mimi nilitaka kukuambia."