Mtoto wa Likizo

Mwongeli alimwita bintiye aje anywe uji, na mtoto akaitika kutoka chumbani: "Nakuja, mami." Lisingekuwa neno, ila Ndinda mwenyewe alikuwa nje, mbele ya macho ya mama yake, akiwafukuza mbuzi wa jirani wasiingie kwenye mbaazi. Alikuwa ameipa nyumba mgongo, shavu limejaa ukwaju, na hakuwa amesikia hata kuitwa.

Wapo wanaosema majini ni ya Pwani, na kwamba huku Kasikeu jua na vumbi vinatutosha. Hao ni watu wenye bahati, waache wakae nayo. Mwongeli naye alisema hivyo hivyo. Alikuwa mwalimu, tena wa ng'ambo, akifundisha watoto wadogo Kiingereza katika mji mmoja wa Omani, na kwa akili yake ya ualimu alijiambia kwamba ni mabati tu, mwezi wa Agosti upepo huyachezea sana. Akamwita Ndinda tena kwa sauti kubwa, mtoto akaja, wakanywa uji.

Ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu aondoke. Alikuwa amemwacha Ndinda kwa mama yake mzazi, susu wa mtoto, Kalekye, mjane wa kanisani ambaye majirani wote walimwogopa kidogo. Baba wa mtoto alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akapata mke. Mshahara wa Omani ndio uliokuwa ukilisha nyumba ile, na visa ya mwalimu haikuruhusu mtoto, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba Agosti ikiisha mama atapanda ndege na mtoto atabaki. Walikuwa wamekubaliana kutolitaja jambo hilo wakati wa kula.

Ila sauti ile ya chumbani ilirudi. Mwongeli akiita akiwa jikoni, inaitika. Akiita akiwa kisimani, inaitika nyuma yake, karibu na sikio. Siku moja adhuhuri, jua limesimama wima na kuku wamejibanza ukutani, aliingia chumbani kuchukua leso akakutana na harufu iliyomsimamisha mlangoni. Ilikuwa ubani, na chini ya ubani ile harufu ya unyevu wa mashine ya kupoza hewa, harufu ya chumba chake cha Omani ambacho alikifunga mwenyewe kwa ufunguo. Kasikeu hakuna mtu anayechoma ubani. Alifungua madirisha yote na harufu haikutoka.

Wakati huohuo sauti ya Ndinda ilianza kukauka. Kwanza alisikika kama mtu aliyelia sana, kisha ikabaki mkwaruzo. Alikula na bado akakonda. Zahanati walimpa dawa ya kikohozi, ingawa hakuwa akikohoa. Na kadiri sauti yake ilivyofifia, ile ya chumbani ilizidi kuwa safi, na jua likianza kuchwa ilisoma herufi za Kiingereza moja baada ya nyingine, kwa matamshi yaleyale Mwongeli aliyokuwa akiwafundisha watoto wa watu.

Ndinda ndiye aliyelitaja kwanza. Walikuwa wanaosha vyombo, na mtoto alitazama kwanza mlango wa chumbani.

"Mami, yule mwingine ataenda lini?"

"Mwingine gani?"

"Yule ulikuja naye. Anasema hiyo jina ni yake. Ukiita, ananiambia ninyamaze, ati ni yeye anaitwa."

"Nani amekufundisha hayo maneno?" Mwongeli alijikuta ananong'ona.

"Anasema yeye ndio unakaa naye," alisema Ndinda. "Ati mimi ni wa likizo tu."

Mwongeli aliumia kabla hajaogopa. Hofu ilikuja baadaye, alipoona mtoto amesema maneno yale bila kulia, akaendelea kusugua sufuria kama mtu aliyekwisha kukubali.

Kalekye alimwita Mchungaji Kaloki. Alikuja na akina mama wa maombi, wakakemea, wakapiga miguu hadi vumbi likajaa sebuleni, na Mchungaji alipomaliza wote wakasema Amina. Midomo ikafungwa. Kisha Amina moja zaidi ikasemwa kule chumbani, polepole, kwa sauti ya kitoto iliyotulia kuliko zao zote. Mchungaji Kaloki alikumbuka ana mkutano Kwa Vonza, na Kwa Vonza si karibu. Chai yake aliiacha mezani, na akina mama wakamfuata wakisukumana.

Kalekye alifunga mlango, akaketi mbele ya binti yake.

"Huko unakaa na nani?"

"Peke yangu, mwaitu. Kila mwalimu ana chumba yake."

"Ukitoka shule unaongea na nani?"

"Na Ndinda."

"Kwa simu."

"Kwa simu. Na simu ikikatika, naendelea tu."

Akasimulia akitazama sakafu. Jioni za kule zilikuwa ndefu, kuta nyeupe, hakuna anayekujua jina, na baada ya kuongea na nyumbani alishindwa kunyamaza, kwa hiyo akawa anasema Ndinda osha miguu, Ndinda njoo tule, Ndinda lala upande wa ukuta usianguke, akaweka na sahani ya pili ili asijione anakula kama mgonjwa, hadi jioni moja blanketi likavutwa taratibu upande wa ukuta, na Mungu amsamehe, hakuogopa, alifurahi. Aliposema hilo alifunika uso.

Kalekye hakumgombeza, na Mwongeli angependa agombezwe.

"Mimi ni mtu wa kanisa," alisema mzee kwa sauti ya chini, "na sitaki kusikia kesho ati Kalekye amerudi nyuma. Lakini nitakuambia. Mtoto akizaliwa hapa kwetu, hizo siku za kwanza si mtu bado. Ni wa aimu, ni wa mizimu. Wanawake wakikaa chini wakampatia jina, hapo ndio anakuwa mtu wetu. Sasa hiyo kitu ilikuwa huko, haina jina, haina kwao. Ukaipatia jina ya mtoto wako, tena kila siku. Umeifanya mtu, Mwongeli. Jina ni moja na watoto ni wawili."

"Basi siendi. Nitatafuta kazi hata Mbumbuni."

"Ukibaki, inabaki. Ukienda kimya, inabaki pia na mwenye jina, na wewe umeona venye inamkula. Itaondoka tu ikiitwa na mama yake. Utaiita, uende nayo. Na huyu wetu tumtoe kwa hiyo jina."

Hata hilo halikuwa dogo. Ndinda lilikuwa jina la mama yake Kalekye, na mama huyo hakuwa na mwingine wa kumrithi. Lakini asubuhi iliyofuata mzee aliwaita wanawake wawili wa rika lake wanaojua kufunga mdomo, wakaketi chini uani, miguu imenyooshwa, wakampokezana yule mtoto mkubwa mapajani kama aliyezaliwa juzi, wakamwita Mumbua, mtoto wa mvua, pale ambapo tone halikuwa limeanguka tangu Mei. Kalekye alilia bila sauti. Wakakubaliana jina la zamani lisitajwe tena pale nyumbani, hata kwa bahati mbaya. Na katika chumba, mchana kutwa, hakukusikika kitu, kimya kile cha mtu anayetega sikio.

Ilibaki siku ya safari. Mpango ulikuwa rahisi na mwema: alfajiri Kalekye ampeleke mtoto soko la Mbumbuni, kusikofika sauti ya mama yake, ndipo Mwongeli asimame mlangoni aite, apande gari aende. Gedion, kaka yake, angekuja kumpeleka uwanja wa ndege. Kila mmoja alijua la kufanya, na laiti wangefanya hivyo nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Lakini Mwongeli alikuwa mama, na mwaka ni mrefu. Alfajiri ile, Kalekye amekwisha kumvalisha mtoto sweta, Mwongeli aliomba amkumbatie kidogo. Kidogo ikawa chai. Chai ikawa kumsuka nywele. Gari la Gedion likapiga honi getini na mtoto bado yupo mapajani mwake.

"Nimekuambia," alisema Kalekye kwa hasira ya kunong'ona. "Nimekuambia tangu jana."

"Mwingize jikoni, mwaitu. Mzibe masikio. Ni neno mbili tu."

Kalekye akamwingiza jikoni, akafunga mlango, akamkumbatia kwa nyuma na kumbana masikio kwa viganja vyake viwili. Mwongeli akasimama kwenye kizingiti na begi mkononi, uso kwa chumba, na harufu ya ubani ikaja kumlaki. Alikuwa amejiambia ataliita jini kama jini, kwa sauti kavu ya kumwita mwanafunzi mtundu, lakini mdomo wake haukuwa na namna mbili za kulitamka jina lile, haukuwahi kuwa nazo, na alipolifungua koo lake yakatoka yote aliyoyazuia likizo nzima, kila jioni ya kuta nyeupe na kila simu iliyokatika, hata Gedion kule getini akageuza shingo, kwa sababu ilikuwa sauti ya mama anayemwita mtoto wake wa kumzaa aje waende pamoja.

"Ndinda. Twende."

"Nakuja, mami," likasema lile la chumbani, safi kabisa.

"Nakuja, mami," ikasema sauti ya mkwaruzo kutoka jikoni, kwa furaha ya mtoto ambaye hatimaye hakuachwa.

Kitu kimoja kikampita Mwongeli mlangoni, kifupi, chenye joto, kikikimbia kuelekea gari. Kimoja tu. Alisimama akisubiri cha pili na hakikupita. Jikoni Kalekye aliita "Mumbua, Mumbua," maana mtoto alikuwa amelegea mikononi mwake kama nguo, kisha akasikika akishusha pumzi na kusema ameamka, yuko sawa, nenda sasa usigeuke nyuma. Mwongeli alikwenda. Gedion alitazama magurudumu ya nyuma, akasema gari limelala upande mmoja, na dada yake akamwambia aendeshe. Tangu Sultan Hamud mpaka Nairobi Mwongeli alitazama mbele tu.

Alipofika chumbani kwake Omani aliweka begi chini, akangoja. Hakukuwa na sahani iliyosogea, wala pumzi. Jioni akapiga simu nyumbani kwa video.

Kalekye alikuwa anacheka, jambo la nadra. "Huyu mtoto amepona kabisa. Amekula muthokoi sahani mbili. Halii, hakuulizii. Ukisema Mumbua, anaitika mbio."

"Harufu je?"

"Iliisha siku hiyo hiyo. Ilienda na wewe, Mungu ni mwema. Ongea na yeye."

Uso wa mtoto ukajaa kwenye kioo, mashavu yamerudi, macho yametulia. Mwongeli akaketi kitandani, akacheka na kulia kwa pamoja. Akamuuliza kama koo bado linauma.

"Haliumi, mami," alisema mtoto.

Ilikuwa sauti safi, haina mkwaruzo hata kidogo. Aliijua. Alikuwa ameisikia ikisoma herufi jua likichwa, alikuwa ameisikia ikisema Amina baada ya Amina. Mtoto wa kwenye simu akatabasamu kwa upole wa mtu aliyekwisha kupata kwao, kisha akasema, "Mimi sasa niko na jina yangu. Susu amenipatia." Na nyuma yake Kalekye akaendelea kuchochea moto, akiimba wimbo wa kanisani.

Simu ikakatika. Mwongeli hakupiga tena. Angemwambia nini mama yake, amfukuze nani, kwa jina lipi, wakati wanawake watatu walikuwa wameketi chini wakalifanya mtu kwa mikono yao? Na likizo nyingine ilikuwa mwaka mzima mbele.

Ndipo upande wa ukuta kitandani kukatokea mkwaruzo, mdogo, wa koo lililochoka kulia.

"Mami. Kwa nini susu aliniachilia?"

Mwongeli alifungua mikono yake miwili, akaishika hewa ile ya moto, akaanza kuibembeleza.