Mume wa Mheshimiwa

Nawaambia ninyi wenye wake na ninyi wenye waume, maana haya niliyaona kwa macho yangu, na nisiyoyaona niliambiwa na wenyewe. Mimi nashona viatu. Kibanda changu kinapakana na karakana ya seremala mmoja, iliyo mbele ya nyumba yake; katikati pana ukuta wa mabati tu, kwa hiyo yanayosemwa kwake nayasikia hata nisipotaka.

Zamani ilikuwa raha kuwatazama watu wale. Asubuhi seremala anapiga randa. Mkewe, mkunga wa zahanati yetu, anapita karakana kabla ya kwenda kazini, anakaa juu ya rundo la mbao na sare yake nyeupe, na wanakunywa chai kikombe kimoja.

"Jana umezalisha wangapi?"

"Wawili. Wa pili ana kichwa kama cha baba yake."

"Baba yake nani?"

"Si yule uliyemwahidi kabati tangu mwaka juzi!"

Wanacheka, na mimi upande wa pili nacheka.

Kisha mama mmoja wa mtaa wetu akapoteza mtoto mlangoni pa zahanati. Uchungu ulimshika baada ya saa za kazi, na mlango ulikuwa na kufuli. Mkunga alilia, halafu akafuta machozi akasema anagombea ujumbe wa baraza la jimbo. Alitaka jambo moja tu: sheria kwamba kila zahanati iwe na mkunga saa zote. Mumewe alimuunga mkono kweli, nisimnyime haki yake. Jukwaa alilosimama mkewe alilitengeneza yeye, na kipaza sauti alikibeba yeye begani. Mkunga akashinda, akawa Mheshimiwa.

Hapo ndipo mdudu alipoingia.

Watu waliokuwa wakimwita Fundi sasa wakamwita Shemeji. Walipita juu ya maranda yake bila kutazama kazi iliyo mkononi. "Shemeji, Mheshimiwa yupo?" Muuza nyama ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. "Shemeji, siku hizi unapika, au bado unajifunza?" Watu hoi kwa kicheko. Siku ya kiapo, mtu wa itifaki alimkalisha pamoja na madereva.

"Jirani," akaniuliza siku moja, "hivi mimi nimeoa au nimeolewa?"

"Umeoa Mheshimiwa," nikamjibu. Hakucheka.

Kisha wivu ukapata sura ya mtu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya afya huko barazani, bwana wa suti na manukato, aliyemsaidia Mheshimiwa kutafuta kura za sheria yake. Alipiga simu mara kwa mara. Mheshimiwa akicheka kwenye simu, naisikia randa inanyamaza.

"Mmecheka nini?"

"Spika alisinzia mpaka miwani ikaanguka."

"Mbona mimi huniambii ya kuchekesha?"

"Si nimekuambia sasa hivi, baba watoto?"

Kuna wanaosema wivu ni dalili ya mapenzi. Upuuzi. Mapenzi yanataka mwenzako afike anakokwenda.

Sasa sikilizeni. Sheria ilipangwa kupigiwa kura siku ya Alhamisi. Jumanne Mheshimiwa alikwenda msibani mtaa wa pili, simu akaiacha nyumbani kwa heshima ya wafiwa. Ikaita. Seremala akaipokea, kama alivyokuja kuniambia mwenyewe baadaye. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti.

"Shemeji, mwambie dada yangu kikao kimesogezwa. Ni kesho Jumatano asubuhi, siyo Alhamisi. Asikose, tumebanana sana kwa kura."

"Sawa," akasema seremala. Akakata, akaifuta namba ile kwenye orodha ya simu zilizoingia, akarudi kwenye mbao zake. Mke aliporudi hakumwambia neno.

Jumatano mchana nilikuwa kwao nimepeleka kigoda kibadilishwe mguu. Mheshimiwa alikuwa barazani pa nyumba yake akipiga pasi gauni la kesho, anaimba kidogo kidogo. Redio ikatangaza: sheria ya wakunga imeanguka kwa kura moja. Alisimama pale na pasi mkononi mpaka kitambaa kikaanza kutoa moshi.

Jioni kabla jua halijazama, gari likasimama getini. Mwenyekiti akashuka bila salamu.

"Ulikuwa wapi, dada?"

"Si tuliambiwa kikao ni kesho?"

"Nilipiga simu jana! Shemeji alipokea, nikampa ujumbe!"

Mheshimiwa akageuka taratibu. "Baba watoto?"

"Nilisahau."

"Simu niliishika jana jioni. Kati ya simu zilizoingia, namba yake haikuwemo."

Seremala akafoka. "Kila saa mwenyekiti, mwenyekiti! Mimi ni nani humu ndani? Dereva? Mlinzi? Nilitaka siku moja, moja tu, usiende kwake!"

"Sikuwa naenda kwake," mkewe akasema. "Nilikuwa naenda kwa ajili ya yule mama wa mlangoni."

Uchaguzi ulipofika, kila alikosimama Mheshimiwa watu walimzomea. "Ulikuwa wapi siku ya kura?" Angeweza kusema. Neno moja, na aibu ingehamia kwa mwenye aibu yake. Hakulisema. Alijibu, "Sikufika. Lawama ni zangu." Kiti akakipoteza. Mimi nimenyamaza miaka yote hii. Nasema sasa kwa kuwa mkunga mwenyewe ameniruhusu.

Seremala alifurahi, ajabu hiyo! "Sasa nimempata mke wangu," akaniambia. Lakini mwanamke alirudi zahanati, na nyumbani alijibu alichoulizwa tu. Wivu nao haukuondoka na cheo. Siku moja mkewe alicheka getini na mama muuza makaa. Seremala akanifuata mbio.

"Wanaongea nini wale?"

"Makaa."

"Makaa gani ya kuchekwa vile?"

Wiki ileile mkunga alibeba godoro lake, akahamia chumba cha nyuma cha zahanati. Sheria haikupita, basi akawa yeye mwenyewe mkunga wa saa zote. Mlango ule haufungwi tena kufuli. Seremala anasimama ng'ambo ya barabara akihesabu wanaoingia. Juzi akaniuliza ni nani hao wanaogonga kwa mkewe kila saa.

"Wenye mimba, jirani," nikamwambia. "Sasa unamwonea wivu nani?"

Aliendelea kuutazama mlango.

FUNZO

Mwanamume, mkeo akipewa cheo, wewe hujavuliwa chako. Ukiona donge linakukaba, mwambie waziwazi, umekaa naye, kabla mkono wako haujafanya usichoweza kukirudisha. Seremala alidhani anamkomoa mwenyekiti. Mwenyekiti yule bado ana kiti chake na suti zake. Waliokomolewa ni wanawake wa jimbo zima ambao zahanati zao zina kufuli mpaka leo, na yeye mwenyewe.

Na sisi tuliokuwa tukimcheka, muuza nyama na wenzake, tusijitoe. Kila "Shemeji" ya kejeli ilikuwa kuni. Mwenye mke kiongozi mwiteni kwa kazi yake, na mkimkuta kazini, msalimuni kwanza.